Ndoa Inahitaji Mtu wa Tatu

Si yule unayemfikiria. Huyo wa pembeni, anayepigiwa simu kwa kunong'ona uani, hana haja ya kutetewa na makala ya sayansi. Ninayemsema ni yule anayevuta kigoda, akasikiliza pande zote mbili, kisha akauliza swali ambalo wagomvi wenyewe hawakuwahi kujiuliza. Wazee wa Ugogo, huku Dodoma, walikuwa naye. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ikampa kiti katika kila kata. Na mwaka 2013 watafiti wa Marekani wakachapisha jaribio lililoonyesha kwamba hata akiwa wa kufikirika tu, yumo kichwani mwa mume na mke, bado anafanya kazi.

Kabla hajakaa, tuutazame ugomvi wenyewe.

Tuseme ni Juni, katika kijiji kimojawapo cha wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma. Mume amepakia magunia ya mahindi kwenye lori, ameyauza soko la Kibaigwa, na fedha ametangulizia malipo ya pikipiki. Mke, aliyepanda na kupalilia shamba lile lile, amegundua alipokwenda kuchota mahindi ya kusaga. Yakafuata makelele, yakafuata mapande ya kimya, na usiku wakalala mzungu wa nne. Ukimpelekea mshauri wa ndoa kisa hiki, atakwambia kwa upole kwamba tatizo si magunia, tatizo ni mawasiliano. Mimi nasema katika Dodoma tatizo mara nyingi ni magunia.

Uwanda wa kati hupata mvua isiyofika milimita 600 katika mwaka wa kawaida, na yote hunyesha katika msimu mmoja, tangu Desemba hadi Aprili hivi. Mkulima wa Bukoba akikosa masika ana vuli. Wa Dodoma akikosa, amekosa mpaka mwaka mwingine. Ndiyo maana Wagogo huzipa njaa zao majina kama watu wanavyowapa watoto: ile ya mwaka 1917 hadi 1920, iliyokuja baada ya majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza kukomba nafaka na ng'ombe, inaitwa Mtunya, na wanahistoria wameiandikia. Mahali kama hapa, mwanamke anayetazama kihenge kilichopungua mwezi wa Juni anaiona Februari ilivyo.

Uhusiano wa mvua na amani ya nyumba umepimwa. Wachumi Olukorede Abiona na Martin Foureaux Koppensteiner walichukua takwimu za kaya za Tanzania, wakazilinganisha na kumbukumbu za mvua, wakakuta kwamba ukame unapozidi, ukatili wa waume kwa wake zao nao unaongezeka. Mwaka 2020 Adrienne Epstein na wenzake walichapisha uchambuzi mpana zaidi, wa wanawake wapatao 84,000 katika nchi 19 za Afrika kusini mwa Sahara. Palipokuwa na ukame mkali, wanawake wengi zaidi walisema waume zao wanawabana, wanawapiga au wanawalazimisha tendo la ndoa. Mvua haimpigi mtu, wala ukame si utetezi; nyumba nyingi hupita njaa bila kofi hata moja. Lakini anayetaka kujua kwa nini nyumba fulani inawaka moto mwaka huu, aanze kwa kuuliza walivuna nini.

Kuna jaribio jingine, la jirani zetu Uganda, ambalo napenda kulikumbuka kila ninaposikia mtu akilaumu "wanawake wa siku hizi" au "wanaume wa siku hizi" kwa kuficha fedha. Vegard Iversen, Cecile Jackson na wenzao waliwaita wanandoa wa kijijini wacheze mchezo wa fedha halisi. Kila mmoja alipewa kiasi chake faraghani, akaambiwa aamue kiasi gani atie kwenye kapu la wote wawili na kiasi gani abaki nacho. Kilichotiwa kapuni kiliongezewa na watafiti. Hesabu ni nyepesi: wakitia vyote, nyumba inatoka na faida kubwa kabisa. Hawakutia vyote. Watu wanaolala kitanda kimoja walizuia fedha, wanawake zaidi ya wanaume, na nyumba ikapoteza. Kapu lilinenepa zaidi pale mwanamke alipopewa mamlaka ya kugawa. Siri ya fedha zinazofungwa kwenye pindo la khanga ni hiyo. Mtu huficha pale asipokuwa na sauti juu ya kile kilichowekwa pamoja, na tabia nzuri au mbaya inaingia baadaye.

Basi mawasiliano hayana maana? Yana maana, ila si ile inayouzwa kwenye semina.

Kuanzia miaka ya 1970 John Gottman na Robert Levenson waliwaketisha wanandoa wa Kimarekani kwenye viti, wakawafunga vipimo vya mapigo ya moyo na jasho la vidole, wakawaambia wazungumzie jambo linalowagombanisha huku kamera zikirekodi. Baadaye Gottman, katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, alifanya hivyo hata kwenye chumba kilichopangwa kama nyumba. Alichokiona ni kwamba wingi wa ugomvi hausemi mengi juu ya hatima ya ndoa. Mwenendo wake ndio unaosema. Alitaja mienendo minne mibaya: kulaumu utu wa mtu badala ya kitendo chake, dharau, kujitetea kwa kila neno, na kule kununa ambako vijana wa mjini wanakuita kuuchuna. Mbaya kuliko yote ni dharau: mcheko wa pembeni, macho ya juu, masimango, "ningekuacha kwenu ungekuwa wapi." Aliona pia kwamba dakika tatu za mwanzo zinaashiria mazungumzo yataishia wapi. Mke wa Kongwa anaweza kuanza hivi: "Wewe mwizi kama baba yako." Anaweza pia kuanza hivi: "Baba Neema, nimekuta kihenge kimeshuka, na mimi naiogopa Februari." Haki yake ni ile ile katika kauli zote mbili. Ila ya kwanza inazungumzia ukoo, na mwanamume atautetea ukoo wake mpaka asubuhi bila kuyagusa mahindi.

Jambo la Gottman linalonipa faraja zaidi ni hili: takriban theluthi mbili ya tofauti alizozikuta kwa wanandoa hazikuwa na mwisho. Aliwarudia baada ya miaka kadhaa, wakawa wanagombania yale yale. Huyu mtumiaji, yule mbana matumizi. Huyu anataka ndugu wajae nyumbani, yule anataka mlango ufungwe. Ndoa zilizodumu vizuri zilikuwa nayo pia, tofauti yake ni kwamba wenyewe walikuwa wameshajifunza kutaniana juu yake.

Ila mtu asitishwe na zile habari kwamba Gottman anaweza kutabiri talaka kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 90. Mwaka 2001 Richard Heyman na Amy Smith Slep walionyesha udhaifu wa utabiri wa namna hiyo: kanuni inayotungwa baada ya kujua nani ameachana lazima ijaribiwe kwa wanandoa wengine kabisa, na ikijaribiwa hivyo nguvu yake inashuka sana. Pigo lililofuata lilikuwa zito zaidi. Justin Lavner, Benjamin Karney na Thomas Bradbury waliwafuatilia wanandoa wapya 431 wa kipato cha chini mjini Los Angeles, wakatazama kama namna wanavyozungumza leo inatabiri furaha yao ya kesho. Ilitabiri kidogo tu, na mara nyingine ilikuwa kinyume: waliokuwa na furaha ndio waliozungumza vizuri. Serikali ya Marekani nayo ilikuwa imegharimia mpango wa kuwafundisha wazazi maskini ambao hawajaoana stadi za kuzungumza na kusuluhishana, jozi zaidi ya 5,000 katika maeneo manane. Kwa ujumla haukuwafanya wabaki pamoja kuliko wale ambao hawakuupata, na mjini Baltimore matokeo ya awali yalikuwa mabaya zaidi. Mtu aliyekosa kodi ya nyumba hatulizwi kwa kufundishwa kusema "naelewa unavyojisikia."

Hapo ndipo Los Angeles na Kongwa zinapokutana.

Uchunguzi mwingine ambao kila mtu wa ndoa angefaa kuujua unaeleza nani hupiga kelele na nani hukaa kimya. Andrew Christensen na Christopher Heavey, mwaka 1990, waliwapa wanandoa mada mbili: moja ambayo mke alitaka mabadiliko, nyingine ambayo mume alitaka mabadiliko. Mada ilipokuwa ya mke, mke alishikilia na mume akajitoa, akaangalia ukutani. Mada ilipokuwa ya mume, mtindo huo ulififia. Kwa hiyo lile tunaloliita gubu, na kulihesabu kama ugonjwa wa wanawake, kwa sehemu kubwa ni hali ya mtu anayetaka jambo libadilike mbele ya mtu anayenufaika lisipobadilika. Aliyeshika fedha za magunia anaweza kumudu kunyamaza. Asiyeshika hawezi.

Mwili nao unaweka kumbukumbu. Janice Kiecolt-Glaser na Ronald Glaser wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, ambao wenyewe walikuwa mke na mume, waliwalaza hospitalini wanandoa 42, mara mbili, saa 24 kila mara. Kwa kifaa cha kufyonza waliwafanyia malengelenge madogo mkononi. Mara ya kwanza wanandoa walizungumza mambo ya kusaidiana, mara ya pili wakazungumzia tofauti zao. Baada ya mazungumzo ya ugomvi vidonda vilichelewa kupona kwa siku nzima. Na wale waliokuwa wakali katika mazungumzo yote mawili, vidonda vyao vilipona kwa asilimia 60 tu ya kasi ya wenzao watulivu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Kumbe mtu akisema ndoa yake inamuumiza, usidhani anatia chumvi.

Ukali ukipanda, moyo unakimbia, na Gottman anashauri watu waachane kwa dakika ishirini hivi wakifanya jambo jingine kabisa, kwa sababu akili iliyofurika haisikii. Ushauri mzuri kwa mwenye sebule na chumba cha wageni. Katika chumba kimoja cha kupanga Chang'ombe au Chamwino utaachania wapi? Mwanamume hutoka, na mara nyingi anakotoka kwenda kutuliza kichwa ni kilabuni, ambako dakika ishirini huwa saa nne na kichwa hurudi kibovu kuliko kilivyoondoka. Bora ya hapo ni kwenda kuchota maji. Mwanamke amekuwa akifanya hivyo siku zote bila kupewa sifa ya kitaalamu.

Sasa mgeni wetu akae.

Eli Finkel wa Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, aliwafuatilia wanandoa 120 kwa miaka miwili. Mwaka wa kwanza hakuwafanyia kitu, na kuridhika kwao na ndoa kukashuka kidogo kidogo, jambo la kawaida katika tafiti za namna hiyo. Mwaka wa pili nusu yao walipewa kazi ya kuandika: wakumbuke ugomvi mkubwa wa miezi ya karibuni, kisha waueleze kama vile ungeonwa na mtu asiye na upande, anayewatakia mema wote wawili. Waandike pia nini kinawazuia kumtumia mtu huyo wakiwa katikati ya moto. Dakika saba, mara tatu kwa mwaka, jumla dakika 21. Kwa waliofanya hivyo, kushuka kulikoma. Hawakupunguza ugomvi, waligombana kama wenzao, na kwa ukubwa ule ule. Ila ugomvi uliwachoma kidogo.

Zingatia masharti mawili ya mtu huyo wa kufikirika. Hana upande. Na anawatakia mema wote. Shangazi anayekuja na begi la maneno ya kwao hahesabiki, wala rafiki wa baa.

Peter Rigby, mwanaanthropolojia aliyeishi Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu juu ya ng'ombe na ukoo wa Wagogo mwaka 1969, ameeleza jinsi mahari ilivyokuwa ikikusanywa. Ng'ombe hawakutoka kwa baba wa bwana harusi peke yake. Upande wa mjomba ulichangia, na upande wa bibi harusi nao ukagawana, wa kuumeni na wa kukeni. Hivyo ndoa moja iliwagusa watu wa mazizi mengi, na ikitetereka kila mmoja alikuwa na sababu ya kuvuka mbuga kwenda kuuliza kulikoni. Sisemi mfumo ule ulikuwa wa haki kwa mwanamke. Mara nyingi walioketi walikuwa wanaume, na ng'ombe walioliwa wana uzito kuliko machozi. Lakini kulikuwa na watani pia. Rigby aliuandikia utani wa koo za Kigogo kwa urefu. Mtani hana aibu na wewe. Anaweza kumwambia mume mbele ya watu neno ambalo shemeji akilisema ni vita, na mume akacheka, na akicheka ameshasikia.

Sheria ya Ndoa ilichukua wazo hilo ikalivika nguo ya serikali. Mtu hawezi kufungua shauri la talaka mahakamani mpaka kwanza apeleke mgogoro kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa, isipokuwa kwa sababu maalumu kama mwenzi aliyetelekeza na hajulikani alipo. Kila kata iwe na baraza, lenye mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Jumuiya za dini zinaweza kuidhinishiwa la kwao, ndiyo maana wa Kondoa anaweza kwenda kwa masheikh na wa Mpwapwa kanisani. Likishindwa, baraza linatoa hati, na hati hiyo haitakiwi kuwa na umri wa zaidi ya miezi sita siku ya kufungua shauri.

Tatizo ni kwamba hati imegeuka tiketi. Watu wengi hufika barazani wakiwa wameshaamua, mmoja yuko kwao, vyombo vimeshagawanywa. Hapo wajumbe hawasuluhishi, wanashuhudia. Jaribio la Finkel lilifaa kwa sababu liliwakuta watu ambao bado wanapendana.

Na jiji la Dodoma limewaweka watu mbali na wazee wao. Tangu serikali ilipotangaza kuhamia huku mwaka 2016, waliomiminika wametoka kila kona. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 mjini, ya 2022 ikakuta 765,179. Mume ofisini katika Mji wa Serikali wa Mtumba, mke na watoto Dar es Salaam wakisubiri mwaka wa shule uishe, wazazi Mbeya, msimamizi wa ndoa Moshi. Ugomvi unaendeshwa kwa ujumbe wa simu, ambako hakuna uso wala sauti, zipo tiki mbili za bluu zinazosema amesoma akanyamaza. Treni ya mwendokasi iliyoanza mwaka 2024 imesaidia ndoa za namna hii kuliko mahubiri mengi. Anayekosekana bado ni yule wa kigoda. Tunaunda kamati ya harusi yenye mweka hazina na vikao vya kila Jumamosi, na kamati hiyo inavunjwa siku ile ile ndoa inapoanza.

Rwanda walijaribu njia nyingine. Mpango wa Indashyikirwa uliendeshwa kati ya 2014 na 2018 na CARE pamoja na mashirika mawili ya nchini humo. Wanandoa walitoka katika vikundi vya kuweka na kukopa vya kijijini, watu ambao tayari walikuwa wanahesabu fedha pamoja, wakakutana, mume na mke pamoja, kwa vipindi 21 mbele ya wawezeshaji, kuzungumza nani anaamua nini nyumbani, pombe, wivu, na hasira. Utafiti wa jozi zaidi ya 1,600, uliogawanywa kwa bahati nasibu, ulionyesha miaka miwili baadaye kwamba ukatili ulikuwa umepungua kwa kiasi kikubwa kwa mujibu wa wake, na kwa mujibu wa waume pia. Ukiulinganisha na ule wa Marekani uliodunda, tofauti ninayoiona mimi ni kwamba huu ulianzia kwenye sanduku la fedha, na ulifanyika mbele ya majirani. Vikundi kama hivyo, yaani vikoba, Dodoma viko tele. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaalika na waume.

Yako mambo ambayo mtu wa tatu haruhusiwi kuyasuluhisha. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kinasema waziwazi kwamba hakuna mwenzi mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga, mila iseme inavyosema. Mzee anayemrudisha binti kwa maneno ya "kalee watoto wako" wakati jicho limevimba, huyo ameshachagua upande. Kipigo ni cha Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, na cha hospitali.

Kwa yale mengine, yaani magunia, ndugu, ada, simu na kununa, sheria haisemi lazima uwe umeamua kuachana ndipo baraza likusikilize. Inazungumzia mgogoro wa ndoa, basi. Nendeni mapema, mkiwa bado mnakula sahani moja. Na kama ofisi ya kata inawatia aibu, kubalianeni leo, wakati hamna ugomvi, jina la mtu mmoja ambaye kila mmoja wenu atakubali kumsikiliza siku mkishindwa, kisha mwambieni mapema kwamba mmemchagua.